Waziri Mkuu Aliyetoka Kwenye Lifti

Nyama ya Kenyatta Market haiivi haraka, na mtu anayengoja na njaa atasikiliza chochote. Ndivyo nilivyopata wasikilizaji wangu. Mimi ni soja wa getini huko Upper Hill, jengo refu la vioo, na saa ya chakula nilikuwa nateremka kwa miguu mpaka sokoni, nasimama kando ya jiko la choma, naanza kusema. Wachomaji walinipenda kwa sababu wateja hawakuhamia jiko la jirani. Shule niliachia darasa la tatu nikaenda kuchunga mbuzi, tena mbuzi wa watu, lakini hayo tuyaache.

Zamani nilikuwa naanza vizuri, kama nyanya yangu alivyonifunza. "Hadithi, hadithi!" nao wanajibu, "Hadithi njoo!" Siku moja kijana wa duka la simu akacheka mpaka soda ikamtoka puani.

"Buda, hiyo ni ya watoto wa nasari. Leta kitu ya sayansi, kama zile filamu za watu kurudi nyuma ya wakati."

Aibu ikanishika, mtu mzima na mvi zangu. Na nyanya yangu, kule Ukambani, alikuwa anakataza kabisa ngano za mchana. Alisema ukisimulia jua likiwaka, ng'ombe watapotea malishoni. Mimi nilikuwa najitetea kwamba sina ng'ombe.

Kesho yake sikuita "hadithi, hadithi". Nilianza hivi: "Jana kazini lifti imefunguka, akatoka yule waziri mkuu wa Waingereza wa wakati wa vita ya Mjerumani. Yeye mwenyewe. Mnene, kofia, sigara kama mwiko wa ugali."

Wakasogea karibu. Nikawaambia vile alivyokuwa na mashini chini ya ardhi huko kwao, mabomu yakianguka juu, akabonyeza kidude, akatokea kwetu, ghorofa ya kumi na moja. Nikamdai kitambulisho. Akaniambia, "Mimi ndiye nimeshinda vita!" Nikamjibu, "Hongera mzee, lakini andika jina hapa kwa kitabu cha wageni, na hiyo sigara uzime." Akataka chai, akaambiwa stima imepotea. Watu walicheka wakashika meza.

"Sasa amekuja kutafuta nini?" mchomaji akauliza.

Hapo sikuwa nimejipanga. Mdomo ukajipanga wenyewe. Nikasema amebeba daftari kubwa. Ndani wameandikwa watu wetu wote walioenda kupigana Burma wasirudi, kila mmoja na mahali alipolala. Hilo daftari limemnyima usingizi, ndiyo maana ameruka miaka yote hiyo alilete. Atakaa pale ghorofa ya kumi na moja mpaka Ijumaa, na yeyote mwenye mtu wake aje aulize.

Nyuma ya jiko kuna saluni. Mlangoni huwa anakaa mama mmoja, amepita miaka themanini, mama yake mwenye saluni. Siku ile alikuwa amesikia kuanzia daftari.

Ijumaa asubuhi nikamwona getini kwetu. Leso ya kanisani, viatu vimepakwa rangi, na pochi ameikumbatia kwa mikono miwili. Mwenzangu wa zamu akamuuliza anaenda kumwona nani.

"Yule mzungu wa daftari. Ghorofa ya kumi na moja."

"Shosho, kumi na moja ni daktari wa meno."

Mama akanitazama mimi. "Mwana wa mama, mweleze. Najua yule wa vita alikufa, mimi si mjinga. Huyu ni mjukuu amepewa jina lake, sivyo? Basi ni mtu yuleyule."

Ukiwa Mkamba, kama yeye na mimi, utaelewa. Mtoto akichukua jina la babu, ni babu amerudi, hata nyanya yake humtania kama bwana wake. Na jambo lililosemwa saa saba mchana, bila kuitwa hadithi, na mtu mzima aliyevaa sare, angelionaje uongo?

Akanieleza palepale. Baba yake aliondoka yeye akiwa bado tumboni. Hakurudi, wala hakuja mtu kusema amelala wapi. Mama yake alikufa akiuliza. "Nami nisife nikiuliza," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mwenzangu alikuwa ameshaanza kutabasamu, nikaona habari itakavyofika kwa bosi na kicheko kitakavyonifuata mpaka sokoni. Niliogopa kuchekwa. Hakuna kingine, nisijipambe.

"Ameondoka, mama," nikasema. "Lakini yameandikwa hapa." Nikafungua kitabu cha wageni.

Yeye hajui kusoma. Akanitajia jina la baba yake, nami nikateremsha kidole ukurasani kama karani, nikakisimamisha kwenye jina la fundi wa mabomba. Nikasoma: "Burma. Kando ya mto. Chini ya mti wa maua meupe."

"Rudia."

Nikarudia. Midomo yake ilikuwa inanifuata ikishika maneno. Akanishika mkono, akaubusu mkono huu. Mwenzangu akageuka akatazama barabara.

Wiki iliyofuata, nikiwa nakula nyama sokoni, mwenye saluni akaniita. "Mzee, Jumapili kanisa linamwombea babu yetu. Mama amesema wewe utasimama usome ulivyosoma." Nyama ile sikuimaliza.

Jumamosi nikaenda mtaa wa Muthangari, anakokaa mama na binti yake. Nilizunguka ile barabara mara tatu, mbwa wa watu wakinibwekea. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anamenya mbaazi kwenye beseni. Akanivutia kigoda. Sikukaa, maana ningekaa ningeanza kuongea mambo ya mvua.

"Mama, hakuna daftari. Hakuna mzungu wala mjukuu wake. Ilikuwa hadithi."

Mikono yake iliendelea kumenya.

"Ulisema hadithi hadithi?"

"Sikusema."

"Tena ilikuwa mchana."

"Ilikuwa mchana, mama."

"Na kitabu cha getini?"

"Kina jina la fundi wa mabomba."

Hapo mikono ikasimama. Ningependa anitukane. Ningependa anirushie hata lile beseni.

"Mto?"

"Niliutunga."

"Na mti?"

"Nao nimeutunga."

Akachukua ganda jingine, akalipasua kwa ukucha. "Mti uache," akasema. "Hayo mengine ondoka nayo."

Jumapili kanisani nilikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Pasta alipouliza nani atasema, mwenye saluni akageuka akanitafuta kwa macho, nami nikainama. Mama akasimama mwenyewe, ameshikilia kiti cha mbele.

"Baba yangu alikufa Burma," akasema. "Mahali hatujui. Hakuna anayejua. Mimi nimemwekea mti."

Watu wakasema amina. Akaketi bila kuangalia nyuma, nami nikabaki natazama viatu vyangu vya kazi.