Shamba la Mihogo na Mifupa ya Dagoretti

Nilikwenda Nairobi kuomba ruhusa. Kijijini kwetu Kakamega kuna dhahabu, na mashamba yangu mawili yamekwisha kuwa mashimo. Limebaki la mihogo, urithi wangu na mdogo wangu Shikuku. Mnunuzi alitaka kulichimba, na bila neno la Shikuku nisingeweza kumjibu.

Asubuhi nilishuka basi katikati ya jiji na jogoo wangu kapuni. Shikuku alinipokea kwa gari lake mwenyewe. Nilizoea kumwonea huruma, maana aliondoka nyumbani mikono mitupu. Nilifunga mkanda nimenuna.

Parklands alisimama mbele ya duka la sonara. "Kaka, iangalie pete ile. Pengine imetoka kwako."

Niliiangalia pete, kisha bei yake. Sisi huuza dhahabu yetu ikiwa bado na mchanga. Faida iko kwa anayeisafisha na kuifua.

Spring Valley tulipeleka boksi la shanga zake kwenye duka la mapambo. Bawabu alimpigia Shikuku saluti, kisha akanitazama mimi. "Huyu ni mfanyakazi mpya, boss?"

Shikuku alicheka. Mimi sikucheka.

Adhuhuri tukafika Dagoretti, kwenye karakana yake karibu na machinjio. Nikaona marundo ya mifupa ya ng'ombe.

"Kumbe utajiri wenyewe ni huu?" nikasema. "Mbwa hawajawashtaki?"

"Walikuja, shemeji," akajibu Wanjiru, mke wa Shikuku. "Tukawaambia wapange laini."

Nieleze taratibu, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Mfupa huchemshwa mafuta yatoke, hukatwa, husuguliwa, hutiwa rangi, ukawa kifungo au shanga. Kila mkono unaoushika hupata riziki na ujuzi. Kwetu, dhahabu ilipopatikana tuliacha kulima, na sasa hata unga tunanunua. Mnunuzi akishusha bei, kijiji kizima kinalala njaa. Nchi nayo inaweza kuwa hivyo: ikitegemea kuchimba na kuuza tu, shimo likiisha haina kazi nyingine inayoijua.

Wanjiru alimpika yule jogoo. Shikuku akaniwekea firigisi, haki ya mkubwa. Hapo nikauliza habari ya shamba.

Hakuacha hata kutafuna. "Chimba tu, kaka. Mimi silihitaji."

Nikairudisha firigisi sahanini. Heri angekataa, tukagombana.

Niliporudi nyumbani, mnunuzi alikuwa ananisubiri kibarazani. Nikamwambia hapana, akaenda zake.

"Kwani Shikuku alikataa?" akauliza mke wangu, Ayuma.

"Alikubali kwa moyo mweupe."

"Sasa una nini, baba watoto?"

"Wivu," nikamwambia. "Kwanza tupande mihogo, na binti yetu akajifunze kazi ya sonara. Dhahabu haiozi, itatungoja. Nataka siku moja Shikuku aje kuniomba ruhusa hapa, nami nimjibu vile vile, nikitafuna."