Kandambili ya Sukari

Wifi yangu anatengeneza watu wa kuliwa. Usishtuke, ni wa sukari. Ukitaka bosi wako anayestaafu akae juu ya keki na tai yake na kitambi chake, unampelekea wifi picha, na siku nne baadaye unamkuta bosi mzima, urefu wa kiganja, anakukodolea macho mpaka unajiuliza umekosea nini.

Kazi yenyewe anaifanyia kwenye chumba cha uani kilichokuwa stoo. Kuna meza, feni, na dirisha ambalo halifunguliwi kwa sababu ya vumbi. Anakanda sukari laini mpaka ivutike kama ngozi. Shingoni anachomeka tambi kavu ili kichwa kisidondoke; hatumii kijiti, maana kijiti kinaweza kumchoma mtoto mdomo. Nywele anazipata kwa kusukuma sukari kwenye chujio la chai. Mikunjo ya uso anaichora kwa ncha ya sindano. Rangi ya ngozi ndiyo inayomla muda: kahawia, tone la nyekundu, njano kidogo, halafu buluu. Ndiyo, buluu. Ukimuuliza buluu ya nini, anakuambia ujitazame chini ya macho. Nilijitazama, sikumuuliza tena.

Wateja wake wote huja na neno moja: "Nataka kitu halisi kabisa." Waongo wakubwa! Nyani haoni kundule, na akitengenezewa la sukari anadai si lake. Mwalimu mkuu mmoja aliona kipara chake juu ya keki akataka arudishiwe nywele. Wifi akamuuliza, kwa adabu zote, aliziacha wapi.

Lakini hao ni afadhali. Mwenye maneno hasa ni mama mkwe wangu, mama mzazi wa wifi. Bibi huyu ana watoto watatu, na akiulizwa habari zao huwataja hivi: "Mkubwa yuko benki, wa pili ni nesi, kitindamimba anacheza." Miaka kumi na mmoja wifi yangu anaamka na kulala kwenye sukari, mgongo umeanza kupinda, na bado anacheza. Mama mkwe hajawahi kuvuka kizingiti cha ile stoo. Husimama mlangoni, anaangalia dari, anasema, "Bado tu unacheza?" kisha anaomba chumvi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hawakumjua mama mkwe wangu.

Basi bibi akakaribia kutimiza miaka sabini. Mume wangu, huyo mkubwa wa benki, akaitisha kikao sebuleni kwetu. Hoja ya keki ilipofika nikasema, "Si wifi yupo?" Mume wangu akaniangalia kama nimependekeza tumwalike mwizi aje kulinda mlango.

"Hii ni sabini, mke wangu, si mchezo. Tunataka wataalamu."

Wifi alikuwa amekaa palepale, kikombe mkononi. Penye miti hapana wajenzi, na penye fundi wa keki kaka mtu alipanda gari akaenda katikati ya mji, kwenye duka la milango ya vioo. Mwenye duka huvaa kofia ndefu nyeupe ya mpishi, ingawa sijasikia mtu aliyemwona akivunja hata yai. Mume wangu akaagiza mama yake akiwa kwenye kiti cha enzi cha dhahabu, kavaa gauni refu la zambarau. Akampa na picha aliyoipiga mwenyewe. Sasa, mume wangu tangu nimjue hajawahi kupiga picha yenye miguu. Mama alikatikia magotini.

Jumatano mchana nikaenda kwa wifi kumrudishia sufuria yake. Nikasukuma mlango wa stoo, na pale mezani, juu ya tambi, kichwa cha mama mkwe kinanitazama, bado hakina nywele.

"Shikamoo mama!" nikasema. Ndiyo, nilikiamkia. Wewe ungefanya nini?

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi ndipo akanieleza. Mwenye kofia hana fundi. Mwaka wa nne sasa, kila mtu wa sukari anayetoka kwenye ile milango ya vioo ametoka kwanza kwenye stoo hii, kwa mlango wa nyuma, kwa sharti kwamba jina la wifi lisitajwe. Na juzi akaletewa oda: bibi wa miaka sabini, kiti cha enzi, gauni la zambarau. Akafungua picha, akamkuta mama yake.

"Mwambie kaka yako leo hii!" nikasema. "Au nimwambie mimi, nimwone anavyotoka jasho!"

"Wifi, nakuomba, funga mdomo." Alikuwa anachora mkunjo kando ya jicho, hakuinua sindano. "Mama hajawahi kuangalia kazi yangu hata moja. Nikimpelekea mimi, ananiona mimi, kazi haioni. Mara hii ataiangalia kwanza."

"Akishaiangalia? Si atamsifu mwenye kofia?"

"Amsifu tu. Mimi nitakuwa mlango wa jikoni, nitasikia."

Roho iliniuma, sitadanganya. Mtu mzima ana miaka thelathini na minane, anataka kujibanza jikoni aibe sifa zake mwenyewe. Nikamuuliza, ili nisilie, miguu ataifanyaje na picha haina.

"Miguu ya mama naijua," akasema.

Nilifunga mdomo siku tatu. Wanaonijua wanajua hiyo ni miujiza.

Jumamosi saa tisa alasiri nyumba ya mama mkwe ilijaa. Mama mkwe aliketishwa kwenye kochi kubwa na gauni lake la zambarau linaloburuzika chini. Mume wangu alikuwa amemnunulia na viatu vya dhahabu, vimembana hivyo tangu asubuhi. Mwenye kofia akaingia na keki, kofia imetangulia yeye kafuata, akafunua boksi.

Watu wakasogea karibu. Alikuwa yeye. Nyusi zile zile za kukuhukumu kabla hujafungua mdomo. Ile mvi moja ya mbele inayokataa kulala. Mkono wa kulia umeshika kidole gumba cha kushoto, kama anavyokaa akisubiri mtu amalize kudanganya. Shemeji nesi akaanza kulia. Mume wangu akapanua kifua.

"Mnaona? Nilisema tutafute wataalamu!"

"Mikono hii hii," mwenye kofia akasema, akaionyesha. Mikono safi, hata doa la rangi hakuna. Nikamtupia jicho wifi, kasimama mlango wa jikoni, kakumbatia sahani kama ngao.

Mama mkwe akaomba miwani. Akavaa, akainama. Akaangalia uso, akaangalia mikono, akashuka na gauni mpaka chini. Hapo akakaa muda mrefu. Pindo la gauni la sukari lilikuwa limeinuka kidogo, na chini yake hakukuwa na viatu vya dhahabu. Kulikuwa na kandambili za kijani. Mkanda wa moja ulikuwa umekatika na kushikizwa kwa pini.

"Baba," mama mkwe akamwambia mwenye kofia, "umenitengeneza wewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Tuliwahi kuonana?"

"Hapana mama, nilipewa picha tu."

"Mwanangu, nionyeshe hiyo picha."

Mume wangu akatoa simu kwa mbwembwe. Mama mkwe akaikuza kwa vidole viwili, akaipandisha, akaishusha. Magoti. Baada ya magoti, hakuna kitu. Akamgeuzia mwenye kofia ile simu.

"Haya. Nionyeshe pini iko wapi."

Lo! Ningejua siku moja nitaona kofia ikinywea, ningevaa nguo nzuri zaidi. Mume wangu akaanza kueleza jambo kuhusu teknolojia. Mama yake akainua mkono kumkatiza.

"Kitindamimba," akaita, bila kugeuka. "Njoo hapa."

Wifi akaja na sahani zake, kasahau kuziweka. Mama mkwe akavuta gauni juu. Viatu vya dhahabu vilikuwa vimesukumwa chini ya kochi, na miguuni mwake zipo kandambili za kijani, zenyewe.

"Umekosea," akasema. "Pini iko kushoto. Umeiweka kulia."

Wifi akaangalia mguu wa mama, akaangalia mguu wa sukari. Machozi yakaanza kumshuka huku anacheka.

"Nimezoea kukuona kwa mbele, mama."

"Utanionaje vingine? Miaka yote tunasimama mimi na wewe uso kwa uso, tunagombana." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena, na sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea. "Nenda kalete vifaa vyako. Keki haikatwi mpaka mwanangu amalize kazi yake."

Watu zaidi ya arobaini walisimama na njaa zao, wakingoja kandambili itengenezwe. Mama mkwe alimsogezea wifi kiti mwenyewe. Alimshikia kikopo cha unga wa fedha wa kupaka pini, akamuuliza kila kitu: hii brashi ya nini, hii buluu ya nini. Wifi akamwambia ajitazame chini ya macho. Nilidhani tutapigwa wote, lakini bibi akacheka. Mwenye kofia hatukumwona alivyoondoka.

Keki ikaliwa. Kiti cha enzi waligombania watoto. Kichwa akapewa mume wangu, kwa maana mama yake alisema ndiye anayekihitaji zaidi, akakila chote bila kuinua macho.

Miguu haikuliwa. Iko kwenye kabati la vyombo la mama mkwe, juu ya kisosi, pini kushoto, na hakuna mgeni anayetoka pale bila kuonyeshwa. Sisimizi wameshaivamia mara mbili. Mama mkwe huwaondoa mmoja mmoja kwa kidole, akiwaambia wakale kazi za watoto wao.