Tisa kwa Kazi, Kumi na Moja kwa Woga

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mizigo, bandarini Kisangani, chef wa ofisi, Mbelgiji asiyecheka, alinipa penseli nyekundu kabla hata ya kiti. Ilikuwa miaka ya hamsini. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki uzito wa shehena kabla tishali halijaondoka. "Tisa kwa kazi," aliniambia, "kumi na moja kwa woga."

Nyinyi mnaobonyeza mashine, niwaeleze. Tisa ni ule msalaba wa shuleni: unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja, unazizidisha, unalinganisha na ile ya jibu. Kumi na moja ni kuruka: tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano huku, ya pili, ya nne na ya sita kule. Jumla za pande zikilingana, au zikipishana kwa kumi na moja, namba inagawanyika kwa kumi na moja. Hii ya pili hatukuitumia, inachelewesha.

Asubuhi moja likapakiwa tishali la kahawa: magunia 5874, kila moja kilo 62. Chef mwenyewe alikuwa amezidisha: 346188. Mwisho wa mzigo wa tishali ulikuwa kilo 350000. Nikachora msalaba, tatu na tatu. Sawa. Lakini mdogo wangu Asumani alikuwa baharia wa tishali hilo, na hakujua kuogelea. Mkono ukagoma kutia saini.

Nikaruka. Katika 5874, tano na saba ni kumi na mbili, nane na nne ni kumi na mbili. Inagawanyika, basi jibu nalo lazima ligawanyike. La chef lilitoa kumi na saba huku, kumi na tatu kule.

Nikamwonyesha Papa Ramazani, karani mkuu.

"Croix iko juste," alinong'ona, akigusa msalaba wangu. "Alors, unatafuta nini? Hii mukono iko ya chef. Ukimwambia amekosa, kesho uko Bengamisa unalima muhogo."

"Mudogo yangu iko mule, papa."

Akasogeza kiti chake mbali na changu.

Nikazidisha upya: 364188. Sita na nne zilikuwa zimebadilishana nafasi, na tisa haioni kosa hilo kwa kuwa jumla ya tarakimu haibadiliki. Nje honi ikalia.

Niliingia kwa chef na hesabu yangu. Aliruka kwa kidole, polepole, mpaka uso ukampauka.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, chef."

Akatoka mbio bila kofia. Tishali likazuiwa.

Asumani alishinda juani akishusha magunia. Jioni alikaa mezani akiwa amejishika kiuno.

"Yaya," akaniambia mimi mkubwa wake, "chef alisema iko karani moja kule kwenu, hajue kuhesabu. Mugongo yangu imekufa."

Nikamwongezea mboga ya pondu. Niliogopa kumwambia ukweli, nisije nikapoteza kibarua changu.

Nimestaafu zamani, woga haujastaafu. Nikiona namba ya gari barabarani, naruka. Asumani naye ni mzee sasa, na bado anamlaani yule karani kila mgongo unapomuuma. Namwacha alaani, nafurahi kumsikia.