Nilisoma Peji ya Beda Nikanyamaza

Nina kosa, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Sikulewa, sikutishwa, sikusahau. Naandika hapa kwa sababu wale waliopaswa kulijua nimeshawaambia na wengi wao hawakunielewa, kwa hiyo nawaambia ninyi msionijua. Jina langu liacheni. Mwenzangu nitamwita Beda, ingawa silo jina lake.

Nafanya kazi kwenye steshenari moja hapa Ifakara, Viwanja Sitini. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu. Kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi wateja hupungua kwa ajili ya jua, na bosi wangu alituruhusu muda huo tutumie kompyuta mbili za dukani kujifunza kutengeneza peji za mtandaoni. Tulikuwa watano, mimi na watu wanne wa mitaa ya jirani, Beda akiwa mmoja wao. Hakuna aliyesomea mambo hayo. Tuliangalia video za bure, tukabishana, tukajaribu. Aliyejua leo namna ya kuweka kichwa cha habari ndiye aliyefundisha leo, na kesho yake alikaa chini kufundishwa namna ya kuweka picha.

Mimi nilianza kabla ya wote, na ndimi niliyemfundisha Beda kuwasha kompyuta. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, alishika mausi kama ameshika kifaranga. Tulicheka, na yeye akacheka pamoja nasi.

Beda alikuwa mkata miwa kwenye mashamba ya sukari mpaka mgongo ulipomgomea. Kwao ni Idete, watu wa mpunga. Aliporudi nyumbani hakuweza tena kuinama wala kubeba gunia. Akishika jembe, wanamnyang'anya kwa upole: "Beda, wewe pumzika." Alinieleza hayo siku moja tukirudi Lipangalala, ambako alikuwa anakaa kwa mjomba wake, nyumba ya nne kutoka kwetu.

"Dada," aliniambia, "hilo neno pumzika, afadhali mtu anitukane."

Nilimwona ni mtu wa kulalamika.

Kikundi chetu kilikuwa na sheria moja tuliyojitungia wenyewe. Peji yako huisomi wewe. Ukimaliza kuiandika, mwenzako mmoja anaifungua kwenye simu yake, akiwa nyumbani kwake, mbali na duka. Anaipitia mstari kwa mstari na kubonyeza kila kinachobonyezeka. Kesho yake akisema "nimesoma", peji inatoka na inaonyeshwa watu. Asipolisema hilo neno, haitoki. Tuliweka hivyo kwa sababu macho ya mwenye kazi yanaona alichokusudia, hayaoni alichoandika. Kwa Beda sheria hii ilikuwa na uzito zaidi, maana simu yake ilikuwa kiswaswadu, haiwezi kufungua peji yoyote. Msomaji wake nilikuwa mimi.

Mtauliza chuki ilianzia wapi. Ni kitu kidogo, naona aibu hata kukiandika. Bosi aliniahidi kwamba peji ya duka nitaitengeneza mimi, nikaitengeneza kwa wiki tatu. Siku ya kuionyesha, Beda akaitazama akasema, "Dada, kwa rangi zote hizi mtu atadhani hapa tunasuka nywele." Kikundi kikaangua kicheko. Bosi naye akacheka, kisha akasema, "Hebu Beda aijaribu." Beda akaijaribu kwa siku nne. Nyeupe, maandishi meusi, namba ya simu juu, maelekezo ya kufika chini. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, na hilo ndilo lililoniuma. Bosi akaitumia hiyo.

Beda alinifuata akaniomba radhi kwa ule utani. Nikamwambia yameisha, kaka, usijali. Hayakuisha.

Baada ya hapo akaanza kazi ya kwao. Kikundi cha wakulima wa Idete kilitaka wanunuzi wa mbali wauone mchele wao bila kupita kwa madalali. Beda akawaambia atawatengenezea peji, na wakiipenda awe yeye wa kuitunza: kuandika mchele uliopo, kupokea simu, kujibu wateja. Mwenyekiti akakubali aje aionyeshe mkutanoni, waamue. Mnaelewa hiyo ilikuwa na maana gani kwa mtu kama yule. Ilikuwa kazi ya kukaa kwenye kiti, na kwao ingehesabika kuwa kazi.

Aliazima kamera ya pale dukani, ile ya picha za pasipoti, akaenda Idete kuwapiga picha wanachama. Picha kumi na moja. Watu walivaa nguo za kanisani. Shangazi yake alishonesha kitenge kipya kwa ajili hiyo tu. Kila picha Beda aliipa jina la aliyemo, ili asimchanganye mtu.

Jioni alipomaliza, niliifungua peji yake kwenye simu yangu nikiwa nyumbani nasubiri maharage yaive. Maandishi yalikuwa safi. Picha, hakuna hata moja. Mahali pa kila picha palikuwa na kijisanduku kitupu na jina la mtu.

Kosa nililijua pale pale, kwa sababu nami nililifanya nilipoanza. Picha alizipandisha vizuri, ila ndani ya peji aliandika anwani zake kama zilivyo kwenye kompyuta ya dukani: diski fulani, folda fulani, ndani yake folda ya Beda. Ukiifungua ukiwa umekaa kwenye kompyuta ile, watu wote kumi na mmoja wanakuja. Ukiifungua mahali pengine popote, simu inazitafuta kwenye kompyuta ambayo yenyewe haiwezi kuifikia. Dawa yake ni kufuta kipande cha mbele cha kila anwani. Dakika kumi, tena ukienda polepole.

Nikazima simu, nikarudi kwenye maharage yangu.

Sitawadanganya kwamba nilipanga. Sikupanga. Nilijisemea nitamwambia kesho. Kesho yake nilimkuta mlangoni pa duka kabla hata sijafungua, na nilipomwona anavyonisubiri, nikajifanya natafuta funguo kwenye mkoba.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Yote, dada?"

"Yote. Iko vizuri."

Akashusha pumzi. Akaniambia, "Basi twende wote Idete, wakuone na wewe uliyenifundisha." Na mimi, jamani, nikaenda!

Mkutano ulikuwa ndani ya ghala lao la mpunga, watu kama thelathini. Beda alivaa shati la mjomba wake. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akawatajia anwani ya peji. Wenye simu kubwa wakaifungua, wasio nazo wakasogea kuchungulia. Watu walikuwa wanajitafuta.

Shangazi yake ndiye aliyesema wa kwanza. "Beda, mbona mimi simo?"

Beda akasogea akachungulia simu aliyoshikiwa shangazi. Akasoma jina. "Umo, shangazi. Hapa ndipo ulipo." Akaweka kidole kwenye kile kijisanduku.

"Hapa hamna mtu, mwanangu."

"Labda mtandao."

Wakatoka nje na simu zao, wakazinyanyua juu. Maandishi yanakuja, picha haziji. Mzee mmoja akasema mtandao mbona upo, sasa hivi ametoka kuongea na mwanawe. Beda akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo, alinitazama kama siku ile ya kwanza aliponiuliza kompyuta inawashwa wapi.

Kompyuta ilikuwa Ifakara, lakini mdomo nilikuwa nao. Ningeweza kusema kosa ni dogo, nililiona, nilimficha, kesho picha zitaonekana. Wangenisema mimi na yeye angebaki na kazi yake.

Nikasema, "Hata mimi sielewi."

Mwenyekiti akakohoa. "Basi, Beda, umejitahidi. Hakuna anayekulaumu. Haya mambo yana wasomi wake. Wewe pumzika tu."

Walitukaribisha wali na samaki. Beda alikula chote alichopakuliwa. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Tangulia, dada," na hakurudi tena Ifakara.

Kesho yake nilizirekebisha zile anwani. Kazi yake ilikuwa pale pale dukani, kwenye folda yake. Picha zikaja zote. Shangazi amesimama wima na kitenge chake, mikono ameibana pembeni. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nikatoa kopi za vyeti vya mteja, nikapanga karatasi, nikafunga duka.

Nilimpigia simu siku nyingi, haipatikani. Baada ya wiki mbili nikaenda Idete mwenyewe. Nilimkuta uani kwao amekaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, anafukuza kuku wasile mpunga ulioanikwa kwenye turubai. Kazi hiyo kwao hupewa vikongwe.

Nilimweleza yote, kuanzia peji ya duka mpaka ghalani. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo uliona kabla?"

"Niliona jioni ile ile."

"Ulisoma majina yote kumi na moja?"

"Yote, kaka."

Akamfukuza kuku. "Mimi nilidhani nimekosea kitu kikubwa. Nimekaa hapa najiambia kichwa changu ni cha miwa, nilijisumbua bure. Kumbe ni anwani."

"Ni anwani tu."

"Kuzirekebisha, dakika ngapi?"

"Kumi."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaniambia nisogeze kiti kivulini, jua litaniumiza kichwa. Nilitamani anipige na ile fimbo. Nikamwomba arudi Ifakara, tuanze upya, nitamsaidia kila kitu. Akanitazama, mara ya kwanza tangu nifike.

"Nikirudi, nani atanisomea?"

Nikainuka, nikamuaga.

Nikatoka hapo nikaenda kwa mwenyekiti. Niliona angalau huko kuna kitu cha kuokoa. Nikamwamkia, nikamwambia Beda hakushindwa, kosa nililiona mimi nikamficha. Nikamwonyesha peji, na picha zote zimekaa mahali pake. Mzee akaitazama muda mrefu, akatabasamu.

"Binti, una moyo mzuri. Umetoka Ifakara kwa nauli yako uje kumtetea kaka yako. Na umemrekebishia vizuri kweli."

"Mzee, hii ni kazi yake. Nimefuta maneno machache tu."

"Naelewa, naelewa. Sasa kwa nini usije wewe utusimamie hii peji?"

Nikakataa. Akasifu na huko kukataa kwangu, akasema siku hizi vijana wenye adabu ni wachache. Shangazi akaitwa aje ajione. Akaishika simu yangu kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu," akasema, "wewe ndiye umeniweka." Kila nilivyozidi kujieleza, ndivyo walivyozidi kuniona mwema. Nikanyamaza, nikapanda gari nikarudi.

Kikundini nako nilisema. Hao walinielewa. Hakuna aliyenitukana, ila kuanzia siku hiyo hakuna aliyenipa peji yake niisome, na baadaye wakaacha kusomeana hata wao kwa wao. Kila mmoja alianza kuificha kazi yake mpaka akaona aibu kuwa nayo. Mmoja akaacha, wawili wakafuata. Sasa hivi saa nane mchana kompyuta zile mbili zimezimwa, nimekaa mwenyewe dukani nasikiliza feni.

Watu wanasema ukiungama unapata nafuu. Mimi sijapata nafuu wala sijapata maumivu. Nakula, nalala, nacheka mtu akichekesha. Kitu kimoja tu kimenibadilika. Mteja akiniletea barua aliyoandika mwenyewe akisema, "Dada, hebu nisomee kama iko sawa," naisoma mara tatu, mara nne, kisha namrudishia bila kusema neno, maana lile "nimesoma" halinitoki tena. Anadhani nina dharau.

Basi wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu amekukabidhi kazi yake umwangalizie, na umeona kasoro, mwambie leo. Kama unamwonea wivu, mwambie huku unamwonea wivu. Mkasirikie, mnunie, usimsalimie hata mwezi mzima, lakini mwambie. Usijidanganye kama mimi kwamba utasema kesho, wala usidhani ukikiri baadaye utakuta mlango uko wazi. Mimi nilikiri, wakanishukuru.

Peji ya Idete bado iko hewani. Chini kabisa Beda aliweka kihesabio cha watu waliotembelea, alikipenda sana, siku alipojifunza kukiweka aliita kila mtu dukani aje kuona. Kila asubuhi kabla sijafungua duka naifungua kwenye simu yangu, namwangalia shangazi na kitenge chake, kisha nashuka chini kuangalia ile namba. Imeongezeka moja, na huyo mmoja ni mimi.