Majina Aliyomtajia Babu

Kila asubuhi kabla ya chai, bibi yangu, Ayeyo Sagal, alikuwa akimtajia babu majina ya mababu zake, na babu akiyarudia. Zamani aliyasema yote mwenyewe. Siku za karibuni hata jina la baba yake lilimshinda.

Mwezi uliopita nesi Fowsiya alikuja tena kwetu, mtaa wa Iftin. Anafanya utafiti juu ya watu wanaotunza wazee waliopoteza kumbukumbu.

"Ayeyo, mzee huwa anakusahau wewe?" nesi akauliza.

"Hanisahau. Ni joto tu linamchanganya."

Babu akamtazama. "Dada, wewe ni binti wa nani?"

Ayeyo akacheka. "Unaona? Tangu anioe ananitania hivyo."

Nesi hakucheka. Alimwomba asimwache babu atoke peke yake. Ayeyo akasema mume wake si mbuzi wa kufungiwa.

Nesi alipoondoka, babu akachukua bakora. "Naenda nyumbani. Mke wangu ananingoja."

Niliinuka nimfuate. Ayeyo akanishika mkono.

"Kaa. Anaenda msikitini, njia anaijua."

Watu wa msikitini walimwona akipita tu, akishika barabara ya Habaswein. Tumemtafuta mpaka huko. Hajarudi.