Salamu Kabla ya Jina

Miaka ya tisini, kabla ya simu za mkononi, nilikuwa mwendeshaji wa redio kolu, redio ya kuzungumza na miji ya mbali, katika ofisi ya wafanyabiashara wa mifugo mjini Garissa. Wenyeji waliiita taar. Kwa taar hiyo tulizungumza na Wajir, Mandera, hata Lafey, na kila aliyekuwa chumbani alisikia habari za kila mtu. Nakikumbuka chumba kile, vumbi lake na chai yake ya maziwa ya ngamia, na nakiri bado nakitamani sana.

Siku moja kisanduku cha kuipa redio umeme kiliungua. Kingine cha kampuni ileile kilipaswa kusubiriwa kutoka Nairobi, wiki mbili. Mimi mjuaji, niliyetoka "Kenya", kama wenyeji walivyoita kwetu bara, nikachukua cha kampuni nyingine pale sokoni. Volti zilikuwa kumi na mbili, waya uliingia, taa ikawaka, Lafey ikasikika vizuri kuliko jana. Nikajipongeza kabla hata ya kuongea.

Asubuhi hiyo alikuja mama mmoja mzee. Bintiye alikuwa amejifungua mtoto wa kike huko Lafey, na kesho ilikuwa siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina. Kulitoa jina kulikuwa haki ya bibi.

Sauti ya binti ikaja, safi kabisa: "Hooyo, ma i maqlaysaa?" Mama, wanisikia? Nikabonyeza kitufe cha kusema, mama akaanza, "Asalaamu aleykum," na redio ikazimika. Redio hutumia umeme kidogo ikisikiliza. Ikisema, hunywa kama ngamia aliyetoka safari. Kisanduku changu hakikuuweza mzigo huo. Tulijaribu tena na tena. Kila mara salamu ilikatika palepale, na kila redio ilipowaka tulimsikia binti akiita, sasa kwa kilio.

"Mama, acha salamu!" nikafoka. "Sema jina tu!"

Akanitazama. "Jina bila salaam? Mtoto si mbusi. Hata mgeni nabiga hodi kwanza."

Nikaona haya. Nikatoka nje kumwomba dereva wa lori la ng'ombe betri yake, nikaiunga baina ya kisanduku na redio ili iubebe mzigo wa kusema. Mama akashika kipaza sauti, akasalimia. Aliulizia afya, mvua, malisho, jirani, ngamia mmoja mmoja, na binti akajibu yote. Kisha akalitamka jina polepole, mara tatu. Chumba kizima kikaitikia alhamdulillahi, na kutoka Lafey tukasikia kichanga kikilia.

Akiniachia kipaza sauti, akaniuliza, "Na mama yako huko Kenya, ulisalimia lini?"

Mwaka mzima nilikuwa nikiwaunganisha watu na mama zao, na wangu sikuwa nimemwandikia hata mstari mmoja. Jioni nikaandika barua, kurasa nne, tatu zikiwa salamu. Miaka mingi baadaye, tulipomzika mama yangu, niliikuta sandukuni mwake, imechakaa kwa kukunjuliwa.