Anayelia Mvuani
Fundi wa magauni wa Bilele hushona huku filamu ya mapenzi ikiendelea kwenye simu aliyoiegemeza kwenye cherehani. Kila binti wa filamu anapomwacha mwanamume mpole na kumkimbilia yule anayelia mvuani, fundi husonya, hata akiwa na pini midomoni. "Mwanangu, Bukoba mvua ni kila siku," alimwambia Dativa, akimpima kwa ajili ya gauni la harusi. "Kulowa nako ni mapenzi?" Kati ya wachumba wake wawili, Dativa alikuwa amemchagua aliyemlilia getini, mvuani.

Mara mume wa fundi akaingia, kalowa chapachapa, akatoa ndani ya koti ebitoke, ndizi zilizopikwa na kufungwa kwenye jani la mgomba, akampa mkewe, akarudi zake shambani Kagondo. Fundi akalishika jani: kavu, na bado lina joto. Akatabasamu hadi pini zikamdondoka.

"Mama," Dativa akasema, "kitambaa usikikate kwanza."